Kwa nini mvinyo mwekundu huamsha shombo ya samaki, na mweupe mkavu hauamshi?

#1 Binti_Kigamboni
Habari zenu wanajukwaa. Jumamosi tulikuwa na wageni nyumbani, tukachoma nguru mzima kwenye jiko la mkaa, akiwa amepakwa chumvi, kitunguu saumu na ndimu bila kiungo kingine. Mezani palikuwa na chupa mbili za Dodoma: moja ya mvinyo mwekundu mkavu, na nyingine ya mvinyo mweupe mkavu wa zabibu za Chenin Blanc. Wote tulioonja mwekundu tukiwa na nguru mdomoni tulikunja nyuso, kwa sababu samaki yuleyule aliyekuwa akinukia vizuri aligeuka ghafla kuwa na shombo, na ulimi ukabaki na ladha kama ya mtu aliyelamba msumari. Tulipohamia kwenye mweupe, shombo ilitoweka na utamu wa nyama ukarudi. Mwekundu huohuo uliponyweka na mishkaki haukuwa na kasoro yoyote, kwa hiyo sidhani kwamba chupa ilikuwa mbovu.

Kila ninaposoma naambiwa kwamba samaki huendana na mvinyo mweupe, lakini sababu haitolewi. Je, ni rangi, ni sukari, ni ubaridi, au ni samaki mwenyewe? Naomba majibu yenye hoja, kwani mume wangu ameshikilia kwamba ni mazoea tu tuliyoiga kwa Wazungu.

#2 MezaYaDirishani
Dada, nimehudumu muda mrefu katika mikahawa ya hoteli, kwanza Dar es Salaam na sasa Cape Town, na jibu tunalofundishwa kazini ni tanini. Mvinyo mweupe hutengenezwa kwa kukamua zabibu kwanza, kisha maji yake peke yake huachwa yachachuke. Mwekundu huchachuka pamoja na maganda na mbegu, na humo ndimo hutoka rangi pamoja na hiyo tanini inayokausha fizi. Tanini hushikana na protini za mate. Ukiunywa na nyama ya ng'ombe yenye mafuta, hushikana na nyama hiyo na ukali wake ukapungua, lakini mnofu wa samaki ni mwepesi mno kuimudu, hivyo uchungu wote hubaki mdomoni. Ndiyo maana mgeni akiagiza changu au kamba wa kuchoma, mimi humpelekea Chenin Blanc mkavu bila hata kumuuliza. Isitoshe, Chenin ni zabibu ya Afrika Kusini, na vyakula vya bahari ndivyo ilivyokulia.

#3 Mkemia_Mstaafu
Mchango namba 2 unaeleza vizuri kwa nini mdomo hukauka, lakini hauelezi shombo. Chai ya rangi ina tanini nyingi, na watu wa pwani wamekuwa wakiinywa kwa mchuzi wa samaki na vitumbua tangu zamani bila malalamiko.

Mwaka 2009 watafiti wa Kijapani walichapisha matokeo ya kuonja mivinyo 38 myekundu na 26 myeupe pamoja na nyama kavu ya kombe wa baharini. Shombo ilipanda kadiri madini ya chuma yalivyozidi katika mvinyo, na kiwango kilipopita takribani miligramu 2 kwa lita ikawa dhahiri kwa waonjaji. Walipoongeza chuma katika mvinyo wa majaribio, shombo ilizidi, na walipotia kemikali inayokifunga chuma, ilipungua. Maelezo yao ni kwamba chuma huharakisha kuvunjika kwa mafuta mepesi ya samaki, na vipande vinavyopatikana ndivyo vyenye harufu hiyo. Ladha ya msumari aliyoitaja mleta mada nayo inaelekea hukohuko. Kwa hesabu hiyo rangi haina hatia: mweupe wenye chuma kingi utamharibu samaki, na mwekundu wenye chuma kidogo utapita salama.

#4 Sangara01
Wakuu, poleni na samaki wenu. Huku Mwanza tunakula sato na sangara wa kuchoma kwa mvinyo mwekundu, na hakuna aliyewahi kukunja uso. Samaki wa baharini hubeba mwilini kemikali inayomsaidia kuhimili chumvi ya maji, na akishakufa bakteria huigeuza kuwa trimethilamini, ambayo ndiyo shombo ya ferini na ya soko la samaki. Samaki wa ziwani hana haja ya kemikali hiyo, kwa hiyo anayo kidogo sana. Sato akiwa na kasoro, huwa ni harufu ya tope. Mnaushtaki mvinyo ilhali mshtakiwa amelala kwenye sahani.

#5 JikoLaBibi
Mimi ni Muislamu wa Mombasa na kileo sikigusi, kwa hiyo mniwie radhi kwa kuingia baraza hii. Ila suala la shombo nalijua kwa mikono yangu. Samaki akishapasuliwa, utando mweusi wa tumboni huparuliwa, matamvua hung'olewa yote, na ile damu iliyoganda chini ya uti wa mgongo hukwaruzwa kwa ncha ya kisu huku maji yakimiminika, mpaka yatoke meupe. Wengi huiacha kwa haraka, na ndiyo inayowaumbua hata wakimpaka samaki viungo vya kila namna. Baada ya hapo ndimu na chumvi, dakika chache tu, kisha huoshwa tena. Ndimu huikata shombo kwa uchachu wake. Ikiwa huo mvinyo mweupe ni mchachu kama msemavyo, basi hauna siri yoyote, unafanya kazi ya ndimu, na maji ya ukwaju yangefanya vilevile. Bwana Mkemia anisahihishe nikipotoka.

#6 Mkemia_Mstaafu
Shikamoo Bibi. Kuhusu ndimu uko sahihi: trimethilamini ni besi, yaani kinyume cha asidi, na asidi huifunga ikawa chumvi isiyoruka hewani, kwa hiyo pua haiipati. Tatizo ni kwamba mvinyo mwekundu nao ni mchachu. Mweupe mkavu kwa kawaida huwa na pH (kipimo cha uchachu, ambacho hushuka uchachu unapozidi) ya 3.0 hadi 3.4, na pH ya mwekundu huzidi hapo kidogo tu, na katika viwango vyote hivyo karibu trimethilamini yote huwa imeshafungwa. Kama uchachu ungekuwa ndio sababu pekee, mwekundu ungeikata shombo badala ya kuiamsha. Hoja hiyohiyo inamhusu pia ndugu Sangara01 wa namba 4.

Umetaja damu ya kwenye uti wa mgongo, Bibi, na damu hiyo imejaa chuma. Bila kutaja maabara yoyote umeunga mkono upande wangu.

#7 MzeeWaHombolo
Nalima zabibu hapa Dodoma, na nina mambo mawili.

La kwanza ni masahihisho kwa namba 2. Chenin Blanc asili yake ni bonde la mto Loire nchini Ufaransa, huko Anjou na Vouvray. Afrika Kusini ilipandwa zamani sana na kuitwa Steen, na mwaka 1965 ndipo ilipothibitishwa kwamba Steen na Chenin ni kitu kimoja. Ni kweli kwamba leo Afrika Kusini ina mashamba mengi ya Chenin kuliko Ufaransa, lakini wingi haubadilishi asili.

La pili ni kuhusu uchachu, ambao mnauzungumzia kana kwamba hutoka chupani. Unatoka shambani, na joto huula. Dodoma tuko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, usiku hupoa, na hilo hutuokoa kwa kiasi. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, takribani Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Zabibu nyeupe zikiachwa zizidi kuiva ili sukari ipande, asidi ya maliki huteketea, na unapata mvinyo wenye nguvu lakini bapa, usioweza kukabiliana na ndimu iliyo kwenye nguru. Kanuni ninayoifuata nyumbani kwangu ni kwamba mvinyo usizidiwe uchachu na chakula. Kachumbari yenye ndimu nyingi huufanya mvinyo dhaifu uonekane maji.

Kuhusu chuma cha namba 3, kinaweza kutoka kwenye udongo, kwenye vumbi lililoganda juu ya zabibu, au kwenye vyombo vya zamani vya kukamulia na mabomba yake. Watengenezaji wanakichukia kwa sababu kikizidi, mvinyo mweupe huingia ukungu. Kwa hiyo katika mweupe hukaguliwa kwa makini, kwa kuwa kasoro inaonekana kwa macho, ilhali katika mwekundu ukungu huo hufichwa na rangi. Pengine hapo ndipo tofauti ilipo, ingawa mimi ni mkulima, si mtu wa maabara.

#8 KivuHadiBrussels
Jambo kwenu wote. Mimi ni mzaliwa wa Goma ninayeishi Ubelgiji, ambako kome huchemshwa kwa mvinyo mweupe, figili na kitunguu, kisha mvinyo uleule hunywewa mezani. Wanaopenda hasa huchagua Muscadet, mvinyo mkavu na mwepesi unaotengenezwa karibu na Nantes, pale Loire inapokaribia kuingia baharini. Baada ya baridi kali ya mwaka 1709 kuua mizabibu ya eneo hilo, walipanda kwa wingi zabibu ya Melon de Bourgogne kwa sababu inastahimili baridi. Mvinyo wake huachwa juu ya mashapo ya hamira yaliyotuama chini kwa miezi kadhaa, nao hupata ladha yenye chumvichumvi inayokubaliana mno na chaza.

Kwa maoni yangu, sababu ni ujirani. Watu wa pwani ile walikuwa na mvinyo mmoja na bahari moja, na kwa karne kadhaa kila kimoja kimerekebishwa kwa ajili ya mwenzake. Chuma na tanini ni maelezo yaliyokuja nyuma ya mazoea.

#9 Wakili_wa_Ngisi
Hoja ya ujirani ya namba 8 inavutia, lakini ushahidi wake una matundu. Chablis ni mvinyo mweupe mkavu unaosifiwa kwa chaza kuliko karibu wote, na Chablis iko bara, mbali kabisa na bahari. Watetezi wake husema kwamba udongo wake wa chokaa umejaa visukuku vya chaza wa kale, lakini mzizi wa mzabibu haunywi ladha ya kisukuku, na wanajiolojia wamelieleza hilo mara nyingi.

Kuna ushahidi unaoelekea upande wa pili pia. Kaskazini mwa Ureno, mkoa wa Minho, dagaa wakubwa wa kuchoma huliwa kwa Vinho Verde mwekundu, mvinyo mchachu na wenye ukakasi, na hakuna anayelalamika. Katika Loire yenyewe, nyumbani kwa Chenin, mkunga hupikwa ndani ya mvinyo mwekundu. Kwa hiyo mume wa mleta mada asitupwe nje ya kesi mapema hivi.

#10 Sangara01
Mheshimiwa Wakili, huyo mkunga wa Loire ni samaki wa mtoni. Narudia mchango namba 4, na ninasubiri kuombwa radhi na watu wa pwani.

#11 Binti_Kigamboni
Ninawashukuru nyote. Mume wangu amesoma namba 9 na tangu jana hatuna amani ndani ya nyumba.

Naomba kuongeza swali. Nguru wa chumvi na ndimu nimemwelewa. Je, samaki wa kupaka, mwenye tui zito, ukwaju na pilipili mbuzi? Chenin ileile iliyokuwa nzuri kwa nguru ilinichoma koo nilipoinywa na changu wa kupaka, na tui likaonekana zito kuliko lilivyokuwa.

#12 MezaYaDirishani
Hapo, dada, ukavu wa mvinyo ndio uliokugeuka. Alkoholi huamsha mishipa ileile ya fahamu inayoamshwa na pilipili, kwa hiyo mvinyo wenye asilimia 13 au 14 huongeza moto badala ya kuuzima. Sukari kidogo hupunguza ukali huo, na mvinyo mkavu hauna sukari ya kusaidia. Kwa samaki wa kupaka mwenye pilipili mimi hutafuta Chenin iliyobakizwa utamu kiasi, mfano wa Vouvray wa namna hiyo, au mvinyo wa asilimia 11 hivi. Pilipili ikiondolewa, mweupe mkavu hurudi kwenye nafasi yake, na tui hupenda hasa Chenin iliyokaa kwenye pipa la mbao, kwa kuwa ina mwili wa kutosha kubeba mafuta ya nazi. Pweza wa nazi asiye na pilipili, kwa mvinyo wa pipa usiopoozwa kupita kiasi, ni chakula ambacho ningekila mwenyewe wageni wakishaondoka.

Kuhusu Steen nimemsikia Mzee. Kuhusu tanini bado ninasimama nilipo. Chai ya rangi ya namba 3 hunywewa moto na yenye sukari, kwa hiyo si kipimo cha haki.

#13 KijanaWaAreaD
Samahani kwa kuingilia kati. Nilizoea dompo, na nilipojaribu mweupe mkavu nilihisi una utamu wa embe na asali. Je, nilidanganywa na lebo? Nilidhani mvinyo mkavu ni ule mkali wenye kileo kingi.

#14 MzeeWaHombolo
Hukudanganywa, mjukuu. Ukavu ni kuisha kwa sukari, si wingi wa kileo. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, mvinyo huitwa mkavu ukiwa na sukari isiyozidi gramu 4 kwa lita, na huruhusiwa kufika gramu 9 ikiwa asidi yake iko juu kiasi cha kutopitwa na sukari hiyo kwa zaidi ya gramu 2. Embe na asali uliyoihisi ni harufu ya zabibu na ya uchachushaji, ambayo pua huitafsiri kuwa utamu. Jaribu kuziba pua unapoonja, na utaona utamu mwingi umeondoka. Dompo ni mvinyo mwingine kabisa, mtamu na ulioongezewa nguvu, na ukiupeleka kwa nguru wa kuchoma utamfanya nguru aonekane amepikwa kwa jamu.

#15 Wakili_wa_Ngisi
Nashangaa kwamba hakuna aliyelishughulikia neno ubaridi lililo katika swali la kwanza. Mweupe hutolewa kwenye jokofu, nyuzi 8 hadi 10, na mwekundu huachwa mezani, jambo ambalo Kigamboni lina maana ya nyuzi 30. Kitu baridi hakirushi harufu kwa wepesi. Inawezekana kwamba shombo ilikuwepo kwa mivinyo yote miwili, na jokofu ndilo lililoificha kwa mmoja. Mleta mada abadilishe zamu: mwekundu uwekwe kwenye barafu, mweupe uachwe mezani.

Ninaongeza tahadhari ya ununuzi. Duka moja la jirani hupanga chupa za mweupe, zenye kioo kisicho na rangi, kwenye dirisha linalopigwa jua kuanzia mchana. Niliyoinunua hapo ilikuwa ya rangi ya dhahabu iliyokolea, na ilinuka karanga kuukuu na tufaha lililokatwa likasahauliwa. Mvinyo wa namna hiyo haufai kupimia nadharia yoyote, ufae tu kwenye sufuria ya ngisi, ikiwa mpishi ni mvumilivu.

#16 Binti_Kigamboni
Nimelifanya jaribio la namba 15 kwa nguru mwingine, aliyesafishwa kwa maelekezo ya Bibi hadi damu ya uti wa mgongo ikaisha. Mwekundu uliopoozwa uliamsha shombo, ila hafifu kuliko mara ya kwanza, na ilikuja baada ya kumeza, si wakati wa kutafuna. Mweupe ulioachwa mezani ulikuwa mzito na wenye kileo kilichojitokeza sana, lakini shombo sikuipata. Mume wangu anasema hakusikia tofauti yoyote, ingawa alikuwa ameshamaliza kachumbari yote kabla hatujaanza.

#17 JikoLaBibi
Nami nauliza, mwanangu: imekuwa hafifu kwa sababu ya barafu, au kwa sababu safari hii samaki alisafishwa?

#18 Mkemia_Mstaafu
Hilo ndilo tatizo la kubadilisha mambo mawili kwa pamoja, na Bibi ameliona kabla yangu. Hata hivyo shombo inayokuja baada ya kumeza inafanana na walivyoieleza Wajapani: ni harufu inayozaliwa mdomoni mafuta yanapokutana na chuma, kisha hupanda puani kwa nyuma. Tanini haifanyi hivyo, na ubaridi hauielezi.

#19 Wakili_wa_Ngisi
Kwa heshima, Mkemia, Wajapani wako walitumia kombe mkavu. Mafuta ya kiumbe aliyekaushwa yameshaanza kuharibika kwa hewa kabla mvinyo haujafunguliwa. Matokeo yao yanaweza kuwa na uzito kwa ng'onda, lakini kuyahamishia moja kwa moja kwa nguru aliyetoka majini asubuhi ni kupanua hukumu kuliko ushahidi.

#20 MzeeWaHombolo
Niongeze kikwazo kingine. Nimekunywa mwekundu mwepesi wa zabibu zetu na jodari wa kuchoma juujuu, na sikupata shombo hata kidogo, ingawa jodari ana damu na mafuta kuliko nguru. Ikiwa ni chuma, jodari ndiye angekuwa wa kwanza kulalamika. Ikiwa ni tanini, mvinyo ule ulikuwa nayo kidogo, na hapo namuunga mkono kijana wa namba 2.

#21 Mkemia_Mstaafu
Mzee, mwepesi wa tanini unaweza kuwa mwepesi wa chuma pia. Bila kuupima hatuwezi kuvitenganisha. Chupa ya mavuno yaleyale ikipatikana, pamoja na ule mwekundu wa mleta mada, vipimo vya chuma vya maabara vingetusogeza mbele.

#22 Sangara01
Wakati mnatafuta maabara, mimi naomba jaribio lijalo lifanywe kwa sato na nguru katika meza moja, mvinyo mmoja, ubaridi mmoja, na mume wa mleta mada asogezwe mbali na kachumbari. Sato nitamtuma mimi kwenye barafu.

#23 Binti_Kigamboni
Sato atapokelewa. Ila aje na matumbo yake, Bibi anataka aelekeze mwenyewe jinsi ya kumsafisha.